Ukuta wa Siku Moja

"Ukuta ni wako, Bibi, sikatai. Lakini macho yatakayoutazama asubuhi na jioni ni yangu," alisema Mama Mkaa, mikono kiunoni, kitambaa cha kichwa kimelegea upande mmoja.

"Basi yafumbe," Bibi alimjibu kutoka kizingitini.

Waliokuwa wakipita na ndoo za maji walizitua. Ugomvi haukosi watazamaji, na huu ulikuwa na utamu wake. Bibi, mjane mwenye nyumba, alikuwa ameupaka chokaa ukuta wake wa ubavuni, na ukuta huo ulitazamana uso kwa uso na mlango wa Mama Mkaa. Mama Mkaa alitaka uandikwe kwamba kwake mkaa upo. Bibi alikwisha kumpa mtu mwingine. Mtu mwenyewe alisimama katikati yao na ngazi begani na makopo matatu ya rangi, kama mbuzi anayegombaniwa mnadani.

Walimwita Brashi, jina la utani lililokwisha kulimeza jina lake. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa ameandika vibao vya mji ule: HATUKOPESHI. MBWA MKALI. NYUMBA HII HAIUZWI. Mji mzima ulisoma mkono wake, na hakuna neno hata moja lililokuwa lake. Ujanani alitaka kuchora watu. Baba yake akamwambia sura za watu haziinjiki chungu, herufi zinainjika. Samaki mkunje angali mbichi: alikunjwa, akakunjika. Ila kila alipokaa na wenzake barazani hakuacha kusema, iko picha yangu moja kichwani, ipo siku mtaiona. Wenzake walimtania kwamba picha hiyo imeshaota mvi.

Sasa mabango yalichapwa kwa mashine, na kesho yake Brashi alikuwa aanze kazi ya kulinda ghala la mpwa wake. Rangi iliyobaki ilikuwa hiyo ya makopo matatu. Siku iliyobaki ilikuwa hiyo moja.

"Nipe mpaka jua lizame, shemeji," alimwambia Mama Mkaa, ambaye marehemu mumewe alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. "Nikishindwa, ukuta ni wako."

Mama Mkaa akasonya. Ndivyo alivyokubali mambo.

Ushauri ukamwagika. Kinyozi wa mtaa alitaka simba. Dereva mmoja alitaka lori lake, na namba zake zionekane vizuri. Hata Bibi alinong'ona kwamba, ikibaki nafasi pembeni, marehemu wake alikuwa na pua ya kuchoreka. Brashi aliwakatalia wote kwa upole. Alitaka kumchora mama yake akicheka, kichwa kimerudi nyuma, kama alivyomwona siku moja akiwa mtoto. Hilo hakumwambia mtu.

Akachovya. Alianza na shavu. Mkono ulishuka, ukajipinda vizuri, ukakata mwisho wake kwa ncha safi: ikatoka S. Akaifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Akaanza na shingo. Ikatoka I, imenyooka kama askari langoni. Akafuta tena. Akafumba macho amtafute mama yake, na mama hakuwapo. Palikuwa na mstari wa juu na mstari wa chini, na nafasi nyeupe kati yake ikisubiri mteja aseme anataka nini.

Adhuhuri watu walianza kupungua. Kinyozi alitania kwamba picha ya kichwani imegoma kushuka, lakini hakupata wa kucheka naye. Kufikia alasiri ukuta ulijaa madoa ya kijivu, kama shuka la mgonjwa. Bibi akaingia ndani, akajifanya ana kazi.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati Brashi aliposhuka kwenye ngazi, akaenda mpaka mlangoni kwa Mama Mkaa.

"Shemeji, unataka iandikwe nini?"

Mama Mkaa, mwenye mdomo unaojulikana mitaa mitatu, aliinua macho juu ya mabati. Kisha akasema, "Jua halijazama."

"Niambie tu."

Akamwambia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja ugonjwa wake.

Haikupita nusu saa. MKAA UPO HAPA, MKAVU, ingia mlango wa mkabala: herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, bila rula, bila kufuta, kila moja imeegemea mwenzake kama ndugu. Waliokuwa wametawanyika walirudi. Wakasema mashine haiwezi kitu kama hiki, na hawakuwa wakimpa moyo, walimaanisha.

Brashi alifunika makopo, akagonga vifuniko kwa kisigino. Kisha akauliza, kama alivyomuuliza kila mteja kwa miaka yote hiyo, "Umeridhika?"

Mama Mkaa hakugeuka kuutazama ukuta.

"Ingia ule," alisema.

"Nimechafuka, shemeji."

"Hii ni nyumba ya mkaa. Nani atakuona? Pita, nimeshapakua."

Brashi alibaki pale nje, mikono ameitenga na nguo zake, hajui aiweke wapi. Mama Mkaa akalisogeza pazia la mlango, akalishikilia.