Kaburi la Jenerali Haliguswi

Mimi Roswitha Kienast nimechoka, na nasema waziwazi. Mji wetu humpa marehemu kaburi kwa miaka ishirini na mitano. Ikiisha, jiwe hung'olewa, akalazwa mwingine. Mwanangu Gerlinde, aliyefariki akiwa na miaka tisa, muda wake umekwisha. Jirani yake ni Jenerali von Brockstedt, wa enzi za ukoloni. Huyo ana kaburi la heshima, haguswi milele.

Jiwe lake limeorodhesha kazi zake: Afrika Mashariki, Uchina, kisha Kusini-Magharibi mwa Afrika, na nishani tele. Halisemi kwamba huko Kusini-Magharibi aliwafukuzia jangwani Waherero, wenyeji wa huko, akaweka askari kwenye visima, wanawake na watoto wakafa kwa kiu. Ndiyo maana mimi mwenyewe, mjinga mimi, nilipita nyumba kwa nyumba nikikusanya saini ili pawekwe ubao wa kueleza ukweli.

Mji ukakubali. Ubao unahitaji mita mbili, na mita hizo ni za Gerlinde. Kwa hiyo siruhusiwi kulipia aongezewe muda, kama wafanyavyo wengine.

Jumatatu nilirudi ofisi ya makaburi, mara ya tatu. Bwana Dühring, karani wa pale, alikuwa anakula mkate wake wa soseji.

"Wewe tena, Bi Kienast!"

"Mimi tena. Mhamisheni yeye."

"Nani, Jenerali? Haiwezekani."

"Aliua watoto, Bwana Dühring! Leo mnamtoa mtoto ili yeye atanue miguu?"

"Nafasi ni ya ubao, si yake. Na ubao uliutaka wewe, au siyo?"

"Usinitie wazimu!"

Akapangusa vidole, akavuta droo. "Haya, usinipigie kelele. Njia ni moja tu. Muombee na mtoto wako kaburi la heshima."

Fomu kurasa nne! Kazi: mwanafunzi, darasa la tatu. Vyeo: hana. Nishani: ya kuogelea, ile ya watoto. Niliandika kwa herufi nzuri.

Swali la mwisho liliuliza marehemu alifanya nini hata astahili kukumbukwa daima. Nikaandika: Hakuua mtu.

Dühring alisoma mara mbili. Hakunitazama.

"Bi Kienast," alisema, "hiyo haimo kwenye orodha ya sababu."