Barua ya Nane

Saa kumi na nusu alasiri, Bi Najat alipomaliza kuanua nguo, Raudha wa miaka minane alikaa kwenye mkeka wa barazani, pale Chanika, sare yake ya shule imefumuka pindo. Alikuwa akija kila siku tangu Raudha mkubwa, yeye huyo huyo lakini sasa mwenye miaka thelathini na tisa, alipokirudisha kutoka kwake Kinyerezi kitabu cha hadithi alichotumiwa utotoni, akisema nyumba yake haina nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Akampa chapati ya asubuhi. Mtoto alikula vizuri, na unga wa nyumba ile ukawa unaisha mapema.

Bi Najat alipoolewa mara ya pili, mume hakutaka mtoto wa mwanamume mwingine. Raudha, akiwa na miaka minane, akapelekwa Lindi kwa bibi yake. Kutoka huko aliandika barua saba, kila moja ikianza kama walivyofundishwa: mimi mzima, wasiwasi ni kwako. Zote ziliishia: mama, njoo unichukue. Bi Najat hakujibu hata moja; akampa utingo wa basi ampelekee kitabu cha ndege kanga aliyepoteza madoa yake. Alijiona amefanya la maana. Mume alishakufa, lakini barua zilikuwa bado chini ya godoro.

Ijumaa Raudha mkubwa alipita, hakuvua hata viatu. Akamtazama yule mdogo.

"Kumbe kahamia huku. Kwangu alikuwaga ananisumbua, anadai majibu ya barua zake. Nikamwambia mie sina."

"Kaa basi ule, mwanangu."

"Nawahi foleni, mama."

Gari lilipokata kona, Bi Najat aliumia kweli. Akachana karatasi ya daftari, akaandika, akampa mtoto. Raudha akasoma kwa kidole: mimi mzima, wasiwasi ni kwako, barua zako zote nimezipata. Akageuza upande wa pili. Hakukuwa na kitu.

"Hujaandika unakuja lini."

Bi Najat akashika kalamu mpaka adhana ya magharibi. Kisha akaiweka chini.

"Haya," alisema mtoto. "Nisomee cha kanga."

Akamsomea mpaka mwisho.

Kesho yake Raudha alikuja na bahasha, akaitoa kwa mikono miwili. Bi Najat aliijua hata kabla ya kuifungua. Akaisoma yote, mpaka pale pa njoo unichukue, akaikunja, akaenda kuiweka chini ya godoro pamoja na zile saba, kisha akauliza kama mtoto amekula.