Weka Chini, Rudi Nyuma

"Weka chini, halafu rudi nyuma hatua tatu," niliandika, na yule mchawi wa barafu akabaki amesimama mbele yangu na chupa ya dawa, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nyuma yetu joka lilikuwa limeshachoma nusu ya daraja. Uhai wangu ulibaki mstari mwembamba mwekundu. Mwenye akili zake angeipokea ile dawa mkononi, akainywa na kuendelea kupigana. Mimi nilisubiri mpaka akaiweka kwenye majani na kurudi nyuma, ndipo nikainama kuiokota.

"Trekta, utatuua wewe," akaandika Kakenya, dada wa pale Karatu anayefua mashuka kwenye hoteli ya watalii. Yule mchawi alikuwa wake.

Trekta lilikuwa jina la mume wangu ndani ya mchezo. Jina lake la ubatizo lilikuwa Emilian, na siku ile alikuwa na miezi miwili kaburini.

Alikuwa akiendesha trekta la kukodi kwenye mashamba ya ngano ya Mbulumbulu. Lilimpindukia mteremkoni mwezi wa nane, mchana kweupe. Asubuhi yake tulikuwa tumegombana kwa sababu ya simu. Nilimwambia, "Wewe hukunioa mimi, Emilian. Umeoa huo mchezo." Aliiacha simu juu ya meza, akaenda kazini bila hiyo, na hilo ndilo lililokuwa neno langu la mwisho kwake.

Baada ya mazishi mama yake aliamua tukae kando, kama walivyofanya wazee wetu. Wengi wameshaiacha desturi hiyo, na padri alipoisikia alitikisa kichwa tu. Nyumba iliyowekwa kando haipeani mikono na watu. Haiendi kisimani pamoja na wengine, haiendi sokoni, haiingii kwa jirani. Jirani akileta unga anauweka penye ua na kurudi nyuma, ndipo unatoka kuuchukua. "Mpaka mvua zinyeshe," mama alisema. "Zikinyesha, tutaoshwa."

Mimi si mtu wa kukaa. Nilifagia uwanja mpaka vumbi likaisha. Nilipanga kuni, nikazipangua, nikazipanga upya. Nilizunguka ua nikitazama watu wakipita na majembe, na miguu ikaniwasha kama niliyekanyaga upupu. Kulala sikuweza, kukaa sikuweza. Wiki ya tatu nikaichukua simu ya Emilian nikitafuta ujumbe wowote wenye sauti yake.

Nilichokuta ni wenzake. Kakenya alikuwa akilalamika kwamba wanaliwa na majoka bila yeye. Piusi, mpakiaji wa vitunguu kule Mang'ola, alikuwa amemtukana kwa upendo mara sita. Na mfugaji mmoja wa Nainokanoka, Sironka, aliandika: "Ndugu yangu, umenyamaza sana. Kama umepotelewa na ng'ombe sema, tuje tutafute." Hawa wote hawakuwahi kumwona uso. Kidole changu kikaandika, "Niko."

Neno moja tu, na mume wangu akawa hai kwa watu watatu.

Nilisema kipaza sauti kimeharibika, tena mkono unauma, ndiyo maana napigana ovyo. Na nilipigana ovyo kweli. Nilikufa kila baada ya dakika tano. Kufa katika mchezo ule wa Falme za Ukungu si kitu: unaanguka, zinapita sekunde kumi, unaamka penye kisima cha kijiji na nguo zako zilezile. Nilikichukia kisima kile. Kuna siku nilijirusha darajani makusudi, mara nyingi mfululizo, ili nimwone tu akiamka.

Sironka ndiye aliyenifundisha. Alicheza akiwa mlimani mtandao unakoshika, ng'ombe wakiwa chini yake. "Usilitazame joka," aliniandikia. "Watazame wenzako wanatazama wapi." Nikaanza kuelewa. Kufika Oktoba nilikuwa naishi sekunde nyingi kuliko wote, na wageni walipojiunga na kikosi chetu mimi ndiye niliyewaandikia ushauri. Kunywa dawa kabla hujaihitaji. Adui anayekimbia usimfuate, anakupeleka kwa wenzake. Anayeponya wengine alindwe kwanza. Kitu usipewe mkononi, kiwekwe chini, na aliyekiweka arudi nyuma hatua tatu.

Huo wa mwisho sikuupanga. Nilikuwa nimefiwa, na mfiwa aliyewekwa kando hapokei mkononi, hata akiwa na upanga na ndevu za kuchorwa. Wageni waliutii wakidhani ni siri ya mabingwa. Piusi aliapa kwamba tangu aanze kuufuata, bahati yake imebadilika.

Ndipo Sironka akaandika kwamba analeta dume mnadani Karatu tarehe ishirini na tano Novemba. "Tukutane, Trekta. Miaka miwili nakujua, nataka nikuone uso." Kakenya akasema anaomba ruhusa kazini. Piusi akasema atapanda lori la vitunguu. Zilibaki wiki tatu. Nikaandika "Sawa", kisha nikaanza kuzunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mama aliniacha nizunguke mchana mzima. Jioni jua likiwa bado juu ya mashamba, akaniita nikae karibu naye.

"Leonida. Humo kwenye simu, Emilian yuko wapi?"

Sikujua alijuaje. Nikamwonyesha. Trekta alikuwa amesimama penye kisima, upepo ukichezea vazi lake. Mama alimtazama kwa muda mrefu, akanyoosha kidole na kugusa kioo. Trekta akageuka, akatembea mpaka pale alipogusa. Mama akaondoa kidole haraka.

"Hao rafiki zake wanajua?"

"Hawajui, mama."

"Nimekukalisha humu ndani ili kila anayepita penye ua ajue mwanangu amekufa, asiwepo wa kutuuliza yuko wapi. Kumbe wewe huko unawajibu kwamba yupo." Akajifunga kanga vizuri. "Waambie, mwanangu. Na huko nako wamlilie."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu nilijua kwamba nikishaandika nitakuwa nimemzika mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishowe nikatuma: "Mimi siyo Trekta. Ni Leonida, mke wake. Emilian alifariki mwezi wa nane. Nilishindwa kuwaambia. Nisameheni."

Hakuna aliyejibu. Kesho yake mchana niliingia mchezoni kumuaga, nikamkuta Trekta penye kisima na watu wamejaa. Kakenya alisogea, akaweka chini fimbo ya barafu aliyoitafuta nusu mwaka, akarudi nyuma hatua tatu. Piusi akaweka ngao yake, akarudi. Wageni ambao hata majina yao siyajui wakaweka dawa, mikate, vinyago, kila mmoja na hatua zake tatu. Sironka hakuweka kitu. Alimkalisha mpiganaji wake chini, kando kidogo, akaandika:

"Nilijua siyo yeye. Emilian alikuwa anapokea mkononi. Nikangoja useme."

Nililia mpaka mama akatoka jikoni, akaja kukaa nami tukiwatazama wote.

Mvua zilichelewa, lakini zilikuja. Tulioshwa katikati ya Novemba, na tarehe ishirini na tano nikaenda Karatu kwa miguu yangu inayowasha. Sironka nilizoea kumwita kaka. Kumbe ni mzee wa mvi, mrefu, na shuka lake lilikuwa na vumbi la mnada. Alinitambua kabla sijafungua mdomo; Kakenya na Piusi walikuwa bado hawajafika. Alikuwa na mfuko wa sukari. Akauweka kwenye benchi nje ya mgahawa, akarudi nyuma, moja, mbili, tatu, mwenye bodaboda akimpigia honi apishe njia.

"Mzee," nikamwambia, "nimeshaoshwa."

Akarudi, akauinua mfuko, akanipa mkononi. Sikuuweka chini njia nzima. Nilipofika nyumbani nikampa mama, naye akaupokea kwa mikono miwili.