Shibiri Moja Kila Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi fundi wa reli alitoka nyumbani na chupa mbili za maji. Moja ilikuwa yake ya kunywa. Nyingine mama yake aliifunga kwa kitambaa chekundu ili zisichanganywe, maana ilikuwa ya reli.

"Uimwagie polepole," mama alisema kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. "Usiimwagie kama unazima moto."

"Sawa, mama."

"Na usimalize ile yako halafu ukaiba ya mwenzio."

Fundi alishuka mlima kwa miguu, hatua mia tisa hadi stesheni ya mwisho ya treni ya mjini, akilifuata lile handaki lililokuwa barabara zamani. Barabara ilichimbwa mwaka ambao wakubwa wa reli walikuja na ramani na kutangaza kwamba treni itapanda hadi juu. Walichimba wiki mbili. Kisha ramani ikageuzwa, na njia mpya ikapelekwa bondeni kwenye viwanja vilivyokwisha kugawanywa lakini havijajengwa, ambako hakukuwa na abiria ila walinzi wawili na mbwa wao. Watu wa mlimani walipokwenda kuuliza, waliambiwa kwa upole kabisa kwamba wao wako Awamu ya Nne. Awamu ya Tatu haikuwapo kwenye karatasi yoyote. Handaki likabaki, na tangu hapo hakuna gari lililopanda.

Reli ilianza kuota miezi michache baadaye. Ilitokea nyuma ya kizuizi cha mwisho, pale ambapo treni husimama na kurudi, ikaelekea mlimani. Ilikua shibiri tatu kwa wiki, ikiongezeka kidogo wakati wa mvua. Mataruma, yale magogo ya kulazia reli, yalichomoza chini yake moja moja kama meno ya mtoto, na waya wa umeme uliifuata kwa juu, mwembamba, bila kelele. Kizuizi chenyewe kilisogea pembeni kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Ile njia ya bondeni, iliyotandikwa kwa mitambo, haikuota hata kidole.

Ofisi haikupiga kelele. Ilitoa waraka kwamba reli yoyote isiyo kwenye mpango ikatwe kila Jumatatu, na fundi akapewa grenda ya kukatia chuma, miwani na kitabu cha kutia sahihi. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye likizo. Alimwambia mama yake kwamba amehamishiwa upande wa kupaka mafuta.

Mama alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti yaliyogoma. Angeweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni, na siku njema hadi kwenye kamba ya nguo. Mdogo wake, ambaye fundi alimwita mama mdogo, alikaa upande wa pili wa mji, nyumba ya tatu kutoka stesheni ya kwanza kabisa. Kwa treni ni dakika arobaini. Hawakuwa wameonana kwa miaka mitatu, kwa sababu ya hatua mia tisa. Mama mdogo naye alikuwa mgonjwa wa kifua, hatoki kitandani. Kila jioni walipigiana simu. Mwanzo walisengenya majirani, kama ada. Siku hizi mama mdogo maneno yalimkatikia njiani, hivyo waliacha simu wazi nusu saa, wakisikilizana pumzi.

"Nikubebe mgongoni," fundi alikuwa akimwambia mara kwa mara.

"Mimi si gunia," mama alijibu. "Reli inakuja. Nitaingoja."

Fundi hakuwa na moyo wa kubishana. Alichofanya ni hiki: kila Jumatatu, reli ikiwa imeota shibiri tatu, alikata mbili. Moja aliiacha. Msimamizi wake alikuwa na viatu vizuri na hakupenda kushuka kwenye matope, alitia sahihi akiwa jukwaani. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, ila methali haisemi kibaba hujaa baada ya muda gani. Fundi alipiga hesabu mara moja. Reli ingefika mlangoni kwa mama baada ya miaka hamsini na kitu. Hakuona sababu ya kumweleza.

Jioni moja alimkuta mama akikung'uta suruali yake ya kazi karibu na beseni. Unga mweusi ulianguka kutoka kwenye pindo.

"Chuma hiki hakitoki kwa sabuni," mama alisema.

Fundi alikaa chini kwenye kizingiti. Masikio yalimwaka moto kama ya mtoto aliyekutwa na sukari.

"Umejua lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Uache kazi, tule reli?" Alikunja suruali na kuiweka pembeni. "Ila unakata wima. Nimeona unga wake, umelala upande mmoja. Kata kwa mshazari, kama unavyokata shina la waridi. Ukikata wima panaoza."

Tangu Jumatatu iliyofuata alikata kwa mshazari, na kweli, reli ilichipua safi zaidi.

Mwaka ukapita hivyo. Siku ya Alhamisi, kabla ya saa sita mchana, binti wa mama mdogo alimpigia fundi simu kazini. "Mama anamuulizia dada yake," alisema. "Njooni leo, kaka. Msingoje kesho."

Fundi alipanda mlima akihema. Alimkuta mama amekwisha kuvaa gauni la kutokea na viatu vilivyokaa kabatini miaka minne. Simu ilikuwa mapajani mwake, wazi, na ndani yake mtu alikuwa akipumua.

"Leo mimi ni gunia," mama alisema.

Akambeba. Alikuwa mwepesi kuliko grenda na waya wake, na jambo hilo lilimuuma fundi zaidi ya mteremko. Walishuka pembeni mwa handaki, mama akimwelekeza mahali pa kukanyaga ingawa alipapita kila siku. Mikono yake ilimzunguka shingoni, na alinukia sabuni.

Treni ilikuwa jukwaani. Dereva wake alikuwa mwanamke ambaye abiria walimwita Taratibu, kwa sababu hakuwahi kufunga milango mtu akiwa anakimbia. Aliwaona kupitia kioo cha mbele. Mwaka mzima alikuwa ameitazama reli ile ikiongezeka mbele yake, na hakuwa ameitaja kwa mtu. Akaiondoa treni jukwaani, akakipita kizuizi kilichosogea, akaingia kwenye reli iliyoota, mwendo wa mtu anayebeba uji. Hakuna abiria aliyelalamika. Mmoja alifunga dirisha ili matawi yasimguse. Treni ilisimama pale ncha ya reli ilipoishia, mbele kabisa ya fundi, na mlango ukafunguka.

"Karibu, mama," Taratibu alisema. "Shika hapo."

Mama aliketi dirishani. Treni iliporudi jukwaani alitazama chini, akahesabu mataruma kwa midomo.

"Reli hii yote imetoka wapi? Si unakata?"

"Naacha shibiri moja," fundi alisema. "Kila Jumatatu."

Mama aliushika mkono wa mwanawe, ule wenye alama za cheche, akauweka mapajani karibu na simu.

"Kumbe ulikuwa unaniletea," alisema.

Alimkuta mdogo wake. Alilala naye kitanda kimoja siku mbili, kama walivyolala utotoni, akamsuka nywele na kumsengenyea mlima mzima, nyumba kwa nyumba. Mama mdogo alicheka kwa macho. Jumamosi adhuhuri pumzi zilibaki za mmoja, na mama akaizima simu ambayo ilikuwa bado wazi mkobani.

Jumatatu ya baada ya maziko msimamizi alimngojea fundi akiwa na futi kamba. Taarifa ilisema treni ilipitiliza jukwaa kwa mita kumi na moja na nusu. Taratibu alipewa onyo la maandishi, akalikunja na kulifutia kioo. Reli ikatwe yote, hadi kwenye kizuizi, na safari hii msimamizi alishuka mwenyewe kupima, viatu na vyote.

Asubuhi hiyo mama alikuwa amefunga chupa mbili kama kawaida. Fundi alikuwa ameitazama ile ya kitambaa chekundu bila kuigusa.

"Hii ya nini sasa, mama? Mama mdogo hayupo."

Mama alikuwa amelia usiku kucha na sauti ilimkauka.

"Mimi nipo," alisema. "Na humu mlimani mwenye dada si mimi peke yangu. Chukua, mwanangu, utachelewa."

Alikata kutwa nzima.

"Mbona kwa mshazari?" msimamizi aliuliza.

"Isipasuke," fundi alisema.

Msimamizi aliandika hivyo kwenye kitabu. Alipoondoka, fundi aliinama akaumwagia mkato maji, polepole.

Wiki tatu msimamizi alishuka na futi kamba yake. Wiki ya nne mvua ilinyesha, matope yakafika kwenye vifundo, naye akatia sahihi akiwa jukwaani. Reli ilikuwa imeota shibiri tatu. Fundi alikata mbili.