Mti wa Mashuka

Mti wa kwanza kwenye maegesho ya jengo letu aliushona mama yangu kwa cherehani. Ulikuwa mwekundu upande mmoja na wa maua upande mwingine, na tulipoutundika upepo uliuvimbisha ukataka kuruka na nguzo zake. Mama alisimama chini, mkono kiunoni, akautazama kama alivyokuwa akimtazama mteja aliyenenepa baada ya kupimwa.

"Uteremshe," aliniambia. "Haupumui huu."

Siku hizo nilikuwa afisa mipango miji, kazi yenyewe bado mpya mikononi, na mji wetu ulikuwa umeanza kuchemka. Kila kiangazi kilizidi kilichotangulia. Mvua nazo zikija zilikuja kwa fujo, na kwa kuwa lami hainywi maji, yalitujia mlangoni. Nikachora mpango wa kuing'oa lami ya maegesho, kupanda miti, na kuchimba bonde dogo la nyasi la kupokea mafuriko. Niliringa na mchoro ule kupita kiasi. Majirani walipouona ukutani penye ngazi waliuliza jambo moja tu: magari yatalala wapi?

Kiongozi wao alikuwa jirani tuliyemwita Mzee Honi. Gari lake halikuwa na injini tangu nikiwa shuleni, lakini honi ilikuwa nzima, na kila asubuhi aliipiga ili watu wajue nafasi ile ina mwenyewe.

Mimi nilikuwa na haraka ambayo mchoro haukuionyesha. Kiangazi kile mama alizimia mbele ya cherehani yake. Chumba chake kilitazama maegesho, na joto la lami lilimpandia dirishani hata jua likishazama. Daktari alisema moyo wake hautahimili kiangazi kingine cha namna hiyo. Kaka yangu, anayeishi mbali, akakata shauri kuja kumchukua Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama hakubisha. Alianza kufunga vitu vyake kimya kimya, na heri angelia, maana chumba kile ndimo alimotulea, na ndimo alimomuuguza baba mpaka mwisho. Nilikuwa namwona anang'olewa.

Kazini tulikuwa na desturi: jambo ambalo watu hawaliamini kwenye karatasi, tunalijenga kwanza kwa vitu vya muda, walijaribu wenyewe. Nikachora kwa chaki juu ya lami upana wa kivuli cha mti uliokomaa, kisha nikapanda ngazi kwenda kwa mama.

"Mama, naomba unishonee mti."

"Hili joto limekuingia na wewe?" Lakini tayari alikuwa anaitoa cherehani kwenye boksi alimoifungia.

Jengo zima lilileta mashuka yaliyochakaa. Baada ya upepo kututia aibu, mama aliyatoboa matundu mengi madogo, akazungushia uzi yasichanike, na safari hii yakatulia. Jua likapenya kwenye matundu, likamwaga chini madoa ya mwanga yanayocheza. Nilikuwa nimechora miti mingi kwenye karatasi, na ndipo kwanza nikaiona. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Viti vikaanza kushuka kutoka vyumbani. Mzee Honi alileta chake kwanza, eti analinda gari.

Jumapili kaka alifika. Alizunguka jengo akikosa pa kuegesha, akaingia amevimba kwa hasira, jasho linamtiririka.

"Kaa hapo kidogo, mwanangu," mama alimwambia. "Namalizia kufunga."

Kaka akakaa chini ya mashuka, akalegeza vifungo vya shati, na kufumba na kufumbua akawa amelala fofofo, mdomo wazi. Siku hiyohiyo majirani walikuwa wanakutana palepale kuamua kama lami ing'olewe. Mama alishuka na mfuko wake, akamtazama mtoto wake mkubwa, akaweka kidole mdomoni. Basi mkutano uliotarajiwa kuwa wa kelele ukafanywa kwa kunong'ona, na kura zikapigwa kwa mikono, bila hata mtu kukohoa. Niliutazama mkono wa Mzee Honi. Ulikuna kidevu, ukakuna shingo, halafu ukapanda.

Kaka alipoamka nilimwambia mpango umepita. Aliuona mfuko, akamwona na mama.

"Miti itachukua miaka kukua," alisema.

"Nitashona," mama akajibu.

Kaka akaubeba mfuko mwenyewe, akaurudisha juu.

Tulipanda miche, na mashuka tukayatundika kando yake, juu ya viti. Kila mwaka mama alikata upande ambao matawi yalikuwa yameufikia. Mti ukiongezeka, shuka linapungua. Gari la Mzee Honi lilibebwa na wanunuzi wa vyuma. Honi alibaki nayo.

Mwaka huu lilikuwa limebaki pande la ukubwa wa foronya. Kaka alikuja likizo, akamshusha mama kwa mkono, ngazi moja moja. Mama akanikabidhi mkasi wake, ambao hajawahi kumpa mtu. Nikapanda, nikalikata, nikamwekea mapajani. Alilikunja taratibu, akainua uso, akatazama majani kwa muda mrefu.

"Haya," alisema. "Sasa nihamisheni."

Tukakishika kiti, kaka huku na mimi huku, tukamsogeza hatua moja, karibu na shina.