Pointi za Mhina

Umewahi kuziona pointi za gari, wewe unayesoma hapa? Magari ya siku hizi hayana, kwa hiyo sitashangaa ukisema hapana. Ni vijichuma viwili vyenye vichwa kama punje ya mtama, vimekaa ndani ya distributa, chini ya kile kifuniko cheusi chenye waya nene. Katikati pana mhimili unaozunguka, una pembe nne. Kila pembe ikipita inasukuma kisigino cha pointi, vichwa vinaachana, moto unaruka kwenye plagi, gari linakwenda. Nafasi kati ya vichwa hivyo ni ndogo mno, mafundi wengine huipima kwa karatasi gumu la boksi la kiberiti. Ikiziba, gari linakohoa, linaishiwa nguvu mlimani, mwisho linazima.

Haya nimeyajua kwa kushika tochi. Mume wangu Yordani alikuwa dereva wa shamba la mkonge hapa Korogwe, na alipostaafu akauziwa Landrova aliyokuwa akiiendesha. Tangu hapo gari likifunguliwa boneti, mimi ndiye ninayesimama pembeni na tochi na kitambaa.

Fundi wa gari hilo ni mmoja tu, Mhina. Walikutana gereji ya shamba wakiwa vijana wote wawili. Mhina ni Mzigua wa Handeni. Yordani ni Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku kama manamba, kibarua wa kukata mkonge. Na Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akaingia bandani kwako akaondoka na kuku, na wewe ukikasirika ndiye mwenye makosa. Mimi katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kuwasikia wale wawili wakisemezana neno moja la kawaida. Hata Mhina alipoacha kazi akarudi kwao Handeni mjini, akajenga banda la bati nyuma ya nyumba, Yordani alimfuata huko huko na Landrova yake na matusi yake.

Hata msibani. Maryamu, mke wa Mhina, alipofariki, Yordani alijifunga kanga ya marehemu, akazunguka uani akiburuta kandambili kama alivyoburuta yeye, akiwafokea wapishi kwamba chumvi imezidi. Waombolezaji walicheka mpaka wakalia upya. Ndiyo kazi ya mtani kwenye msiba, na Mhina naye alicheka. Lakini ile pole ya mtu kumshika rafiki yake mkono wakakaa kimya, hiyo Yordani hakuitoa, wala Mhina hakuidai. Tukarudi zetu Korogwe.

Ni baada ya msiba ule pointi zikaanza kusumbua. Zamani Mhina akizirekebisha zilikaa hata nusu mwaka. Sasa ukipita mwezi gari linakohoa. Yordani analipeleka polepole hadi Handeni, wanashinda wanatukanana juu ya injini, tunakula bada, ule ugali wa muhogo, kwa samaki wakavu, jioni tunarudi.

Mvua za mwaka huu gari likazima kwenye kona ya kupanda Vugiri, tumepakia watu nyuma. Breki zilishika, vijana wakaruka kuweka mawe kwenye matairi. Hakuna aliyeumia. Ila habari zilimfikia binti yetu Serafina, yuko Dar es Salaam, akapiga simu na sauti yake ikawa juu hata kabla ya shikamoo.

"Baba, nakutumia moto wa elektroniki. Hauna pointi, hauna cha kurekebisha. Ukiukataa, uza hilo gari."

"Mwanangu, pointi ugonjwa wake naujua," akamjibu. "Zikichoka nazisugua kwa msasa, nafika. Hiki kidude chako kikifa kimekufa. Nani wa kukifufua, huko porini Mashewa?"

"Na kona ya Vugiri, baba?"

Akanipa mimi simu. Boksi lilifika kwa basi. Yordani alilikagua, akalirudisha mezani, kesho yake akalikagua tena. Mimi nikadhani anaogopa kitu kigeni.

Mwishowe tukaenda kwa Godlisten, fundi kijana wa pale Manundu, aangalie kama kitaingia. Akatuamkia vizuri, akafungua distributa, akapitisha kidole kwenye mhimili, akakitazama kidole chake.

"Mzee, nani anakufungia hizi?"

"Fundi wangu wa Handeni."

"Mbona hapaki grisi? Hapa panatakiwa grisi kidogo tu. Pakiwa pakavu hivi kisigino kinaliwa upesi, nafasi inaziba."

"Amesahau. Ni mtu mzima."

"Angesahau, mzee, tungekuta vumbi limeganda na grisi ya zamani. Hapa pamefutwa kwa kitambaa, tena pamefutwa vizuri. Bibi, hebu mulika uone."

Nikamulika. Palikuwa pamefutwa.

"Nikufungie hiki sasa hivi?" Godlisten akauliza. "Si kazi ya kukuchelewesha."

"Rudisha kifuniko," Yordani akasema.

Chakula cha jioni alikigusa tu. Baadaye, ninaosha vyombo, nikamsikia nyuma yangu.

"Mama Serafina, mtu aliyenifundisha kusikiliza injini ndiye ananiharibia gari. Tungekufa Vugiri na watoto wa watu."

"Muulize basi."

"Nitamuuliza. Nikishamuuliza sikanyagi tena kwake."

Alisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Nikajua anamaanisha, na nikajua hataki. Asubuhi nilichukua lile boksi nikaliweka chini ya kiti changu bila kumwambia.

Tukashika njia ya Handeni. Kufika Sindeni gari likaanza kukohoa, Yordani akaangalia mbele tu. Handeni tulimkuta Mhina chini ya banda lake, amekaa juu ya tairi, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti. Majirani wawili walikuwa wanacheza bao pembeni.

"Manamba hao!" akapaza sauti. "Mmekuja kuomba chakula?"

"Nimekuja kukamata mwizi," Yordani akasema. "Mchawi wewe, unanilia gari langu."

"Nisipokula gari nile nini, na wewe hata kuku hujaleta? Babu yako alikuja huku na namba shingoni, wewe umekuja na njaa!"

Wacheza bao wakaangua kicheko.

"Nasema kweli, Mhina. Gari langu unaliharibu wewe."

"Lilikuwa zima lini? Gari likishakaliwa na Mnyamwezi utalitengeneza wapi? Labda ulipeleke kwa mganga!"

Kila Yordani alipozidisha ukali, watu walizidi kucheka, na Mhina alizidi kunoga. Mume wangu alikuwa na jambo zito mkononi na hakuwa na mahali pa kuliweka, maana kwa wale wawili kila neno likitamkwa lilikuwa mzaha tayari. Nikaenda kwenye gari, nikatoa boksi, nikamwekea Mhina mapajani.

"Shemeji, Serafina katuma hii. Ifunge wewe."

Yordani akanigeukia.

Mhina akavaa miwani yake, iliyoungwa kwa uzi upande mmoja. Akasoma.

"Elektroniki."

"Ndiyo."

"Hii nikiifunga hamna tena kazi na mimi."

"Fundi wa Korogwe anasema hivyo hivyo," nikamjibu.

Akainuka kwa kushika nguzo, akafungua boneti. "Shemeji, tochi." Ilikuwa mchana, lakini kule chini distributa iliko ni giza siku zote. Nikamulika. Akatoa pointi, akatoa na kile kimkebe kidogo kinachokaa nazo, akauvisha mhimili pete ya sumaku, mkono wake umetulia kuliko nilivyotegemea. Akafunga kile kidude cheusi, akapitisha waya mwekundu na mweusi kwenda kwenye koili, akazirudia kuziangalia tena, kwa sababu ukikosea hizo nyaya kinaungua papo hapo. Hakutukana mtu. Wacheza bao walikuwa wanatazama, mmoja ameshika kete mkononi.

"Washa."

Likawaka mara moja. Mlio ukatulia kama cherehani, hakuna kukohoa, hakuna kutetemeka. Mhina akausikiliza ule mlio, kichwa amekiinamisha kidogo, kisha akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Haya, manamba. Nendeni. Mtapanda Vugiri mpaka mchoke."

Nikapanda. Yordani alikuwa ameshika usukani. Hakuingiza gia. Akazima gari, akashuka, akaenda kusimama mbele ya Mhina.

"Mhina. Naweka utani chini."

Maneno hayo watani hawayasemi ovyo. Mmoja akiuweka chini, mwenzake naye anauweka, ama anaondoka. Mhina akajaribu kucheka.

"Nani kakufundisha adabu leo?"

Yordani akasubiri. Wacheza bao wakajikusanya, wakasema wanakwenda kuswali, na wakati wa swala ulikuwa bado.

"Grisi," Yordani akasema. "Ulikuwa unaifuta. Tangu msiba unaifuta. Kwa nini?"

"Ya Vugiri nimeyasikia kwa watu, sikuyakusudia. Wallahi tena. Nilijua likisumbua utalileta kabla halijazima, wewe una masikio."

"Sikuulizi Vugiri."

Mhina akakaa tena juu ya tairi. Zile pointi zilizotolewa bado alikuwa nazo, akazisukuma kwa dole gumba, zikafunguka, zikajifunga.

"Humu ndani kimya," akasema. "Wanaokuja wana magari mabovu. Gari likipona, mwenye gari haonekani tena."

Yordani akachuchumaa karibu yake, magoti yakamlia.

"Mimi ningesemaje?" Mhina akaendelea. "Ningesema nimebaki peke yangu, ungevaa kanga tena tukacheka." Akavua miwani. "Nilitaka uje, Yordani. Uje ukae tu hapa na mimi, hata gari likiwa zima."