Kamba Zilizolalia Kushoto

Cóilín alinieleza jambo hilo nje ya kanisa baada ya misa, upepo ukituvuta makoti.

"Shangazi, mama ameunguza birika mara ya tatu. Safari hii hata kitambaa cha jikoni kilishika moto."

"Hata mimi nimewahi kuunguza birika."

"Wewe ulikumbuka kwamba umeiunguza."

Alisema kweli. Baibín ni wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Ana miaka themanini na mitatu, mimi themanini na mmoja. Amefuma sweta tangu utotoni, na hapa kisiwani Inis Meáin, Ireland, hakuna asiyeijua kazi yake. Cóilín, mwanawe wa pekee, anaishi mjini Galway, ng'ambo ya bahari. Alitaka kumchukua kabla ya baridi kuanza. Baibín alikataa katakata. Alisema akitolewa kisiwani atakuwa kama mzigo uliosahauliwa bandarini.

Mwishowe walipatana. Aoibheann, msichana wa Dublin anayebuni mavazi, alikuwa amemwagiza Baibín sweta moja la mfano, lenye nakshi za kamba, sega la nyuki na almasi katikati, kama yalivyofumwa zamani. Alitaka kulitazama akibuni nguo zake mpya.

"Sweta hilo likiisha bila kosa, utabaki kwako," Cóilín alimwambia mama yake. "Mtu anayeweza kuhesabu kamba anaweza kukumbuka kuzima jiko."

Baibín alicheka. "Basi kalale, mwanangu. Kamba nilizihesabu kabla baba yako hajajifunza kuvaa viatu."

Sisi hatufumi kwa kusoma karatasi. Kazi yote iko kichwani: mistari mingapi kabla ya kupindisha kamba, wapi almasi inafunguka, wapi inafungika. Mgongo wa sweta aliufuma vizuri, nami nilimshukuru Mungu. Alipoanza kifua, mwezi wa Agosti, niliona kamba moja imepinda baada ya mistari minne, nyingine baada ya kumi na moja, badala ya sita. Almasi ilifunguka na haikufungika.

Sikumwambia. Alikuwa ameniwekea kiti karibu na moto, na siagi alikuwa ameshaipaka kwenye mkate wangu, kwa sababu anajua vidole vyangu vinauma asubuhi. Ungemwambiaje mtu kama huyo?

Baada ya chakula cha mchana yeye husinzia kitini. Siku hiyo nilichukua kazi yake, nikafumua ya asubuhi yote, nikaifuma upya. Mkono wangu unakaza uzi kuliko wake, kwa hiyo nilitumia sindano zangu nene kidogo, kisha nikarudisha vitanzi kwenye sindano zake. Nilipima kwa kidole ili urefu uwe ule ule alioacha. Alipoamka aliitazama.

"Leo nimekwenda mbali," alisema.

"Umekwenda sana, wifi."

Tuliendelea hivyo mpaka Oktoba, kila siku isipokuwa Jumapili. Yeye anafuma, mimi nafumua na kufuma tena. Nilichukia kumdanganya. Usiku niliposali rozari nilipoteza hesabu, nikaanza upya.

Kulikuwa na jambo moja la kuangalia zaidi ya yote. Mama yake Baibín alimfundisha kulaza kamba kulia. Mama yangu mimi alinifundisha kuzilaza kushoto. Mgeni hawezi kugundua, lakini sisi tunaona mara moja, kama unavyoona mwandiko wa mtu unayemjua. Kila alasiri nilijikumbusha: kulia, Nainsí, kulia.

Halafu siku moja, kifua kikikaribia kuisha, aliniita mama katikati ya usingizi. Alinishika mkono, akaniuliza kama kondoo wamerudi kutoka upande wa magharibi. Nilimwambia wamerudi. Nikaendelea kufuma machozi yakinitoka, na sikutazama mikono yangu.

Aoibheann alitakiwa kuja alasiri ya Jumatatu. Lakini ukungu uliondoka mapema, na ndege ndogo ikatua saa nne asubuhi. Cóilín, aliyekuwa amekuja kumsalimu mama yake, akamleta moja kwa moja. Baibín alikuwa kwenye mkono wa pili wa sweta. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa bado sindanoni, jinsi alivyoifuma mwenyewe.

Msichana yule alivua viatu vyake vyenye matope mlangoni bila kuambiwa. Baibín alimpa chai. Kisha Aoibheann aliinua ule mkono wa sweta, akasogea dirishani nao.

"Bibi, hii umeifanyaje?" sauti yake ilipanda. "Kamba hii inatangatanga, inaingia ndani ya sega, inapotea kabisa, halafu inatokea huku! Sijawahi kuona kitu kama hiki. Naweza kutengeneza nguo zote kutokana na hiki kipande kimoja."

Alikuwa ameshatoa simu apige picha. Nilitamani sakafu inimeze.

"Lete nione," Baibín alisema.

Alikiweka kipande magotini, akakipitisha chini ya kidole gumba, mstari kwa mstari, kama anavyofanya tangu zamani. Akavuta na kifua cha sweta kilichokuwa mezani, akakitazama vilevile. Kidole kikasimama.

"Hii si yangu," alisema. "Kamba hizi zimelalia kushoto. Huu ni mkono wa kwenu, Nainsí."

Cóilín alikuwa mlangoni na kikapu cha udongo mkavu tunaouchoma kama kuni. Hakukiweka chini.

"Tangu lini, wifi?" Baibín aliuliza.

"Tangu Agosti."

"Kila siku?"

"Jumapili sikugusa."

"Ah, mcha Mungu wewe! Unaiba siku sita, ya saba unapumzika." Alicheka, nami nikacheka kwa aibu. Kisha uso wake ukabadilika. "Na mimi nilidhani naendelea vizuri."

 Nilimshika bega.

Alimgeukia Aoibheann. "Mwanangu, umependa nini hapa?"

"Jinsi kamba zinavyopotea, bibi."

"Hazikutakiwa kupotea."

Msichana alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaelewa. Aliirudisha simu mfukoni. Picha mbili alizokwisha kupiga alizifuta mbele ya Baibín, akimwonyesha moja baada ya nyingine. Nimeona watu wengi wakija hapa kuchukua vitu vyetu, na hilo sikulitarajia.

"Mgongo wa sweta je, ni wako?" alimwuliza. "Ukiniruhusu, nitautazama huo."

"Utazame. Huo sina wasiwasi nao."

Cóilín aliweka kikapu chini. Nilijua atakachosema, na nilimwona akitafuta namna ya kukisema bila kumuumiza. Alinitazama kwanza, macho mekundu.

"Shangazi, ungeniambia."

"Ningekuambia, ungemchukua."

"Na moto je? Moto ungekuambia nani?"

Alikuwa na haki. Mimi nililinda sweta, na usiku nilikwenda kwangu nikamwacha na jiko lake. Mpaka leo jambo hilo linanisumbua.

"Msigombane juu ya kichwa changu kama nimeshakufa," Baibín alisema. "Cóilín, hicho chumba unachonipa kwako kina dirisha?"

"Kina, mama. Ila linatazama ukuta wa jirani."

"Nimetazama kuta za mawe maisha yangu yote. Mmoja zaidi hautaniua." Aliuvuta uzi karibu. "Nitakwenda. Ila huu mkono wa sweta naumaliza mimi. Wewe, Nainsí, utahesabu, mimi nitafuma. Na usiguse kazi yangu."

Alifumua ya asubuhi mwenyewe. Siku mbili nilikaa karibu naye nikihesabu kwa sauti: mmoja, wawili, mpaka sita, kisha "pindisha". Mara nyingine alipindisha kabla sijasema. Mara nyingine alisimama na uzi kidoleni, akinitazama, nami nikarudia polepole kutoka mwanzo. Sehemu mbili alikosea. Niliona, nikaendelea kuhesabu.

Tulifika begani Jumatano jioni. Boti yake ya kwenda Galway ilikuwa Alhamisi.